Fimbo ya Babu

Kwa miaka yote niliyomfahamu, babu alitembea na fimbo moja. Ilikuwa ndefu kuliko fimbo za wazee wenzake pale Mtae, ilimfika karibu na kidevu, nene katikati alipoishika na nyembamba kwenye ncha zote mbili. Wajukuu tulidhani imelika kwa uzee. Siku za gulio aliiweka begani na kuning'iniza kapu. Siku za mvua aliitumia kupima matope kabla ya kukanyaga. Alipofariki mwaka 2009 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Fimbo ikapandishwa darini, juu ya jiko la bibi, ikakaa na mbegu za mahindi na vitu vingine ambavyo kila mtu anakubali havina kazi na hakuna anayevitupa.

Nilikutana nayo tena likizo ya mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili. Bibi alinituma nishushe mbegu. Nilipoisogeza ile fimbo kidole changu kiliingia kwenye mkato mdogo nchani, uliolainishwa vizuri. Nikaigeuza. Ncha ya pili nayo ilikuwa na mkato kama ule. Nikashuka nayo na kumwuliza bibi mikato ile ni ya nini. Aliendelea kupepeta maharage kama sijasema kitu, kisha akasema, "Hiyo siyo fimbo, mjukuu wangu. Ni uta. Babu yako aliutoa kamba alipotoka jela."

Sikuwahi kusikia kwamba babu alifungwa. Baba alijua, shangazi zangu walijua, na wote walidhani mwingine ameshaniambia. Ilitokea mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Babu alikamatwa nyikani, chini ya Mtae, akiwa na nyama ya swala, akapewa miezi sita. Uta aliokamatwa nao ulichomwa pamoja na podo na mishale. Huu ulikuwa wa pili, uliobaki nyumbani.

Nasomea historia. Nilikuwa nimeshapoteza muhula mzima nikitafuta mada ya tasnifu, na mada ilikuwa imelala darini kwetu.

Ili kuelewa babu alitafuta nini huko chini, inabidi usimame Mtae. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi. Nyuma yako kuna mahindi, migomba na ukungu. Mbele yako ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, inayokwenda mpaka Kenya na kuungana na Tsavo. Siku isiyo na vumbi unaiona Kilimanjaro. Wasambaa hutenganisha sana pande hizi mbili: Shambaai, mlimani, penye baridi na migomba, na nyika, penye joto, homa na wanyama. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyechapisha kitabu chake kuhusu ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, alieleza jinsi vijiji vya zamani vilivyopenda kukaa ukingoni ili watu wapate riziki kotekote, juu na chini. Upande mmoja ukikataa, mwingine unaweza kukubali. Babu aliishi hivyo hivyo. Mahindi yalitoka juu. Kitoweo kilitoka chini, na hata mti wa uta wenyewe, mkole, ulitoka chini kwenye ukame.

Ufalme nao, kwa simulizi yake, uliletwa na mwindaji. Hakuna mtoto wa Lushoto asiyemjua Mbegha. Alizaliwa Ngulu, akaota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamhesabu kigego. Akakimbilia Kilindi, huko mtoto wa mkuu akafia kwenye mawindo ya nguruwe aliyokwenda na Mbegha, ikabidi akimbie tena. Akapanda milima na kukuta watu wenye mashamba yanayoliwa na nguruwe. Akaua nguruwe, akagawa nyama, wakampa vyakula vya shambani. Alipoua simba, watu wa Vugha wakamwita Simba Mwene, wakamfanya mfalme. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliiandika habari hii kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, na wazee wetu wanaisimulia kila mmoja kwa namna yake.

Nakiri kwamba nilitaka sana Mbegha awe mpiga uta. Ingenipa mwanzo mzuri wa sura ya kwanza. Lakini kinachokumbukwa zaidi ni mbwa wake, nguruwe, na nyama iliyogawiwa. Silaha si kiini cha hadithi. Kiini ni kwamba mtu anayeweza kulinda shamba na kuleta nyama anastahili heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Mtu huyohuyo, miaka mingi baadaye, katika kijiji kilekile, anaitwa jangili. Nilitaka kujua hapo katikati palitokea nini.

Jibu la haraka ni bunduki, na lina ukweli wake. Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1848, alifariki mwaka 1862. Baada yake mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani, alijikusanyia bunduki, na nguvu ikateremka kutoka Vugha mlimani hadi tambarare. Lakini bunduki zile zilikuwa za vita na za biashara. Mkulima anayevizia nguruwe usiku hakuwa na baruti ya kuchezea, na uta haupigi kelele. Semboja alifariki mwaka 1895. Miaka 65 baadaye babu yangu alikuwa bado anawinda kwa uta. Kwa hiyo sidhani uta wa kwetu uliuawa na bunduki. Naona uliuawa na karatasi.

Karatasi ya kwanza ilitoka mwaka 1896, pale gavana Hermann von Wissmann alipotoa amri ya uwindaji kwa koloni zima la Wajerumani: anayetaka kuwinda wanyama wakubwa awe na leseni, na leseni inalipiwa. Waingereza wakafuata na sheria yao ya mwaka 1921. Mwaka 1951 nyika iliyo chini ya Mtae ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Mkomazi. Hakuna aliyepanda mlima kuja kumnyang'anya babu uta. Ardhi aliyokuwa akishukia ndiyo iliyobadilishwa jina chini ya miguu yake, na tangu hapo kila mshale ukawa kosa kabla haujaruka.

Sisemi ulinzi wa wanyama ni uovu. Leo kuna faru weusi Mkomazi, na nisingependa siku moja wasiwepo. Ninachouliza ni nani alihesabiwa mlinzi, nani mwizi, na kwa kipimo gani. Kipimo hicho nilikipata mahali nisipotarajia, baada ya kufanya jambo ambalo hadi leo linanichoma.

Niliuvunja uta wa babu.

Nilitaka picha. Nilisokota kamba ya katani, nikaukunja uta kwa goti kama nilivyoona kwenye video, nikafanikiwa kuivisha kamba kwenye mikato yote miwili. Ulipendeza. Ulirudi kuwa kitu nilichokuwa sijawahi kukiona. Nikamwomba binamu yangu ashike simu, nikavuta, labda shubiri mbili tu. Mlio wake ulikuwa kama wa kuni kavu motoni. Ukakatika chini kidogo ya mshiko, kipande kimoja kikanipiga kwenye paji la uso. Bibi alitoka jikoni, akaniangalia damu kwanza, halafu akaangalia vipande. "Umeuvuta mkavu," akasema. Akavichukua vyote viwili, akavirudisha darini.

Wiki zilizofuata nilisoma kila nilichoweza kuhusu kwa nini pinde huvunjika. Mti uliokauka kupita kiasi hupoteza unyumbufu. Upinde uliolala miaka mingi haupaswi kuvutwa kwa nguvu mara moja. Na zaidi ya hayo, huu ulikuwa umefanya kazi ya fimbo karibu miaka 50, umepigwa na mawe na mvua. Wanaoandika mambo haya zaidi ni Wamarekani, watu wenye kazi zao za mchana ambao jioni huchonga pinde gereji. Karibu wote, ukifuata nyayo zao, wanarudi kwa mtu mmoja: Saxton Pope, daktari wa upasuaji wa San Francisco, aliyechapisha mwaka 1923 kitabu kuhusu kuwinda kwa upinde, kinachofundisha pia namna ya kuutengeneza.

Pope naye alikuwa na mwalimu. Mwaka 1911 alijitokeza Oroville, California, mtu mmoja peke yake, mwenye njaa, wa mwisho wa watu wa Yahi. Ndugu zake wengi walikuwa wameuawa na walowezi. Hakutaja jina lake. Wasomi wakamwita Ishi, maana yake mtu. Wakamkalisha kwenye jumba la makumbusho la chuo kikuu. Pope alikuwa daktari wake. Katika miaka michache iliyobaki kabla Ishi hajafa kwa kifua kikuu mwaka 1916, alimfundisha Pope kuchonga upinde, kuufunika mgongo kwa kano, kutengeneza mishale, kuvizia. Upinde wa Ishi ulikuwa wa mti wa jamii ya mwangati wetu wa Shume, ule ambao Wajerumani waliujengea kiwanda cha mbao mlimani, na ambao baadaye uliishia sana kwenye kalamu za risasi. Nilisimama kidogo niliposoma hapo. Mti uleule, na mtu ambaye watu wake walimalizwa, anamwachia maarifa daktari aliyemkuta.

Kisha nikaendelea kusoma, nikakuta kwamba mwaka 1925 Pope alikuja Tanganyika.

Alikuja na mwenzake Arthur Young na mwandishi Stewart Edward White, kujaribu kama simba anaweza kuuawa kwa mshale. Walikaa kwenye nyika za kaskazini, na pinde zao wenyewe, wakiwa na bunduki nyuma yao kwa tahadhari. Waliua simba. Pope akaandika kitabu, kikatoka mwaka 1926, mwaka aliofariki. Mpaka leo kuna chama kikubwa cha wawindaji wa upinde Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1961, chenye majina ya Pope na Young.

Fikiria tarehe hizo. Sheria ya 1921 ilikuwa na miaka minne tu. Wageni watatu wanaingia nchini na pinde, wanaua simba kutaka kujua kama inawezekana, na jambo hilo ni mchezo wa waungwana, ni kitabu, ni chama. Babu anaua swala kwa uta kwa sababu ana watoto wanne, na jambo hilo ni miezi sita. Tofauti haikuwa kwenye chombo, wala kwenye mnyama, maana simba si mdogo kuliko swala. Tofauti ilikuwa ada ya leseni, na nani alitarajiwa kuwa nayo mfukoni.

Sikumchukia Pope, ingawa nilijaribu. Maandishi yake kuhusu Ishi yana upendo wa kweli, na bila yeye nisingejua kwa nini uta wa babu ulivunjika. Hilo pia linaniuma: kujifunza uta wa Mtae kupitia San Francisco. Nikaamua kumtafuta mtu wa karibu.

Bibi alinielekeza kwa mzee mmoja wa kitongoji cha jirani, rafiki wa babu, aliyepita miaka 80. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama juu mpaka chini. "Mtoto wa kike, uta wa nini?" Nikamweleza kuhusu chuo. Hakuvutiwa. Nikamweleza kwamba nimevunja uta wa babu. Hapo akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nikae.

Alinifundisha kwa mikono kuliko kwa maneno. Mkole unaoufaa uta ni chipukizi lililonyooka, nene kama kifundo cha mkono, lisilo na vifundo vya matawi, na unakatwa kiangazi. Unamenywa gome, unaning'inizwa juu ya jiko ukauke polepole kwa moshi, kwa sababu jua linaupasua na wadudu hawapendi moshi. Kisha panga, kisu, na mwisho kipande cha chupa cha kukwangulia. Upande utakaotazama mnyama hauguswi na kisu hata kidogo. Ukikata nyuzi za mti upande huo, utapasukia hapohapo. Unachonga upande wako tu, unaweka mguu katikati, unavuta ncha taratibu na kuangalia kama pande mbili zinapinda sawa. Upande mgumu unakwanguliwa tena. Kamba ni kano ya mgongo wa ng'ombe, iliyolowekwa na kusokotwa kwenye paja. Vigumba, wakati wao, vilifuliwa na mhunzi. Siku hizi, alisema, msumari wa inchi sita ungetosha. Alizungumza kana kwamba ni jambo la juzi. Mikono yake ilikuwa ikivuta upinde usiokuwepo.

Nikamwuliza kuhusu sumu.

Alitazama simu yangu mezani. "Hiyo inasikia?" Nikamjibu ndiyo, inarekodi. Akanyamaza. Nikaizima, nikamwonyesha kioo cheusi. Akaendelea kunyamaza. Alipozungumza tena alinieleza kuhusu bei ya kabichi Lushoto mjini.

Cha ajabu ni kwamba nilikuwa najua. Msunguti umeandikwa kwenye vitabu vya mimea vya Afrika Mashariki yote. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, alitenga kemikali iliyomo kwenye mti wa jamii hiyo, inayosimamisha moyo. Hata kabla yake, John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone huko Zambezi, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale, akasikia uchungu mdomoni na kuona mapigo yake ya moyo yakibadilika. Kutokana na sumu ile ilipatikana dawa ya moyo iliyotumika Ulaya kwa miaka mingi. Kirk baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar. Sumu ya mwindaji ikiingia chupani huko Edinburgh ni dawa. Ikiwa kwenye podo la mwindaji ni ushahidi. Mzee yule hakuhitaji kusoma hayo kuyajua. Alijua tu kwamba maswali kuhusu sumu huulizwa na watu wa aina gani.

Upande wa pili wa nyika ile tunayoiona kutoka Mtae waliishi mabingwa wa sumu na uta, Wawaata, ambao majirani waliwaita Waliangulu. Pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuvuta. Wanaojua mambo haya huzilinganisha na pinde za vita za Waingereza, kama zile zilizotolewa baharini pamoja na meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545. Wawaata walimwua tembo kwa mshale mmoja. Mwaka 1956 na 1957 wahifadhi wa Tsavo, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliendesha operesheni kubwa dhidi yao, na wengi wa wawindaji wao mashuhuri walifungwa. Tembo walikuwa wanaisha, hilo ni kweli, na nyuma ya Wawaata walikuwepo wanunuzi wa pembe. Lakini katika miaka miwili maarifa ya vizazi yaligeuzwa orodha ya wafungwa. Babu alikamatwa miaka michache baadaye, kilomita chache kutoka hapo, kwa swala mmoja.

Msimamizi wangu wa tasnifu ni mtu mwema. Aliuliza swali la haki: nyaraka ziko wapi? Nimekaa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nikifungua mafaili ya wilaya ya wakati wa Waingereza. Kesi ya babu sijaikuta. Na hata ningeikuta, ningemkuta kama mshtakiwa: jina, kosa, adhabu. Mkato uliolainishwa nchani mwa uta hauandikwi hapo. Ushahidi pekee wa kazi ya mikono yake nimeuvunja kwa sababu ya picha.

Mwezi wa nane nilirudi nyumbani na chipukizi la mkole nililoletewa na kijana wa Mnazi, kutoka ardhi ya kijiji, nje ya hifadhi. Niliuliza mara mbili. Nililimenya chini ya macho ya mzee, ambaye alikuja kwa miguu na kunikosoa mchana kutwa. Jioni bibi alinishikia ngazi nikalining'iniza darini, karibu na vile vipande viwili. Nikamwomba anisimulie tena siku babu aliporudi, safari hii nikiwa na daftari, na nikamsomea alichoniambia mwanzo: babu yako aliutoa kamba alipotoka jela.

"Nilisema hivyo?"

Nikamwambia ndiyo.

Alikaa kimya kidogo, akichochea moto. Kisha akasema kwamba babu alipotoka alikuta kamba haipo. Siku askari walipokuja kupekua, yeye ndiye aliyeutoa kamba, mkono mmoja na mimba ya baba yangu tumboni, akauegemeza mlangoni pamoja na jembe. Askari mmoja aliusogeza kwa mguu ili apite ndani.

"Kamba uliiweka wapi?"

"Nilifungia kuni," akasema. "Geuza ule mti, usikae na moshi upande mmoja."